Njia Ipi Ibebe Data Yako? Mwongozo kwa Watengeneza Programu wa Kigoma

Mwishoni mwa mwaka 2009, wilaya tatu za Tanzania, yaani Kigoma Vijijini, Ulanga na Lindi Vijijini, ziliingizwa katika mradi wa majaribio ulioitwa SMS for Life. Wizara ya Afya iliuendesha pamoja na Roll Back Malaria, Novartis, Vodafone na IBM, na lengo lilikuwa kujua kila wiki ni kituo gani cha afya kimeishiwa dawa za malaria. Mtumishi wa zahanati alipata ujumbe mfupi kwenye simu yake mwenyewe, akafungua kabati, akahesabu dozi za dawa mseto na kwinini ya sindano, akajibu kwa namba bila kukatwa salio. Vituo 129 vilishiriki kwa wiki 21. Taarifa zilitumwa katika asilimia 95 ya mara zilipohitajika, na vituo vilivyokosa aina moja au zaidi ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 wiki ya kwanza hadi asilimia 26 wiki ya mwisho.

Wakati huo Kigoma Vijijini ilikuwa bado inajumuisha eneo ambalo tangu 2012 ni Wilaya ya Uvinza, likiwa na vijiji vya mwambao ambavyo msafiri huvifikia kwa boti. Waliobuni mfumo ule wangeweza kudai kompyuta, modemu na tovuti. Badala yake walichagua njia ambayo simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa au haioni mnara, kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu huutunza ujumbe na kujaribu tena baadaye. Teknolojia ilikuwa ya kawaida kabisa, na bado iliwafaa wagonjwa, kwa sababu njia ya kusafirisha taarifa ilichaguliwa kwa kuangalia mahali zinakotoka.

Leo vijana wa Kigoma wanaandika programu za bei za dagaa, za takwimu za samaki kwenye mialo, za malipo, za kufuatilia boti. Nyingi hufanya kazi vizuri mjini na kukwama katika vijiji vya mwambao kama Mwamgongo au Kalya. Makala hii ni kwa ajili yao, na kwa viongozi wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi (BMU), vyama vya ushirika na halmashauri, ambao ndio huagiza programu hizo na kuzilipia.

Ikichelewa, au ikipotea?

Chini ya karibu kila programu ya intaneti kuna itifaki mbili kongwe za kusafirisha data. TCP, ambayo msingi wake uliwekwa na Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974 na kanuni zake zikatolewa kwa ukamilifu mwaka 1981, hufungua kwanza muunganisho kati ya simu na seva, kisha huhesabu kila baiti. Kilichopotea hutumwa tena, kilichofika nje ya zamu hupangwa upya, na mtumaji akiona dalili ya msongamano hupunguza kasi. UDP ilitangulia kidogo kutolewa, mwaka 1980, ikiwa imeandikwa na Jon Postel katika kurasa tatu tu. Haiahidi lolote kati ya hayo. Huweka baiti 8 za maelezo mbele ya data yako na kuirusha, ikifika imefika.

Wengi hufundishwa kwamba TCP ni ya uhakika na UDP ni ya kasi, wakaishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi kuamulia kitu. Jiulize hivi: data hii ikichelewa na ikipotea, hasara kubwa iko wapi?

Chukua mtumbwi wa dagaa uliotoka Katonga usiku wa giza, una kifaa kinachotuma mahali ulipo kila dakika. Taarifa ya saa tatu na dakika kumi ikipotea, ya dakika kumi na moja inakuja na ndiyo bora zaidi. Hakuna anayeitaka ile ya zamani. Ukitumia TCP hapa, mambo yanageuka. Mtandao ukikatika, TCP hushikilia taarifa ya zamani na kujaribu kuituma tena baada ya sekunde moja hivi, kisha mbili, nne, nane, ikiongeza muda mara mbili kila inaposhindwa. Mtandao unaporudi, inaweza kuwa bado imekaa ikingoja zamu yake ya kujaribu, huku taarifa mpya zimepanga foleni nyuma ya zile za zamani. Kwa mtu anayetafuta mtumbwi uliopigwa na dhoruba, hata dakika moja ya kungoja ni kubwa mno. UDP ndiyo inayofaa hapo.

Lakini mtumbwi huohuo ukirudi alfajiri, afisa uvuvi anataka njia nzima uliyopita na kilo zilizovuliwa. Sasa kila nukta ina thamani na hakuna haraka. Hifadhi taarifa zote kwenye kifaa usiku kucha, kisha zipeleke kwa TCP mtumbwi ukifika mwaloni. Data ni ileile, ila matumizi ni mawili na njia ni mbili. Programu nyingi nzuri hutumia itifaki zaidi ya moja, na hakuna sababu ya kujifunga kwa moja.

Sauti ya simu ya intaneti hufuata mantiki ya mtumbwi. Kwa kawaida hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kipande kilichochelewa nusu sekunde hakina kazi tena, ndiyo maana simu hizo hupitia UDP kila inapowezekana. Video iliyorekodiwa ni jambo jingine kabisa, na hapa wanafunzi wengi hukosea. Filamu huweza kupakuliwa sekunde kadhaa mbele ya mtazamaji, kwa hiyo ina nafasi ya kungoja kipande kilichopotea, na kwa miaka mingi video za mtandaoni zimesafiri kwa TCP bila tatizo. Neno "video" peke yake halikuambii utumie ipi.

Onyo kwa anayevutiwa na UDP

Mtu huanza na UDP kwa sababu ni nyepesi. Wiki ya pili anaongeza namba za mfuatano, ya tatu anaongeza kutuma upya, ya nne anapanga pakiti. Mwisho ameandika TCP nyingine, mbovu kuliko ile ambayo wataalamu wameirekebisha kwa zaidi ya miaka 40. Ukijikuta unahitaji mambo hayo yote, rudi kwenye TCP bila aibu.

Kuna pia madhara kwa majirani. Oktoba 1986, kiungo kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majengo yaliyo karibu kabisa, kilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zinatuma upya kila kilichopotea bila kupunguza kasi, na kadiri zilivyotuma ndivyo vingi zaidi vilivyopotea. Van Jacobson na wenzake ndio walioiongezea TCP utaratibu wa kupunguza mwendo penye msongamano. UDP haina utaratibu huo, unaandika wewe. Katika kijiji chenye mnara mmoja, programu inayorusha pakiti bila kujizuia inaweza kuwabana wengine wanaotumia mtandao huo, akiwemo mkunga anayetafuta boti ya kumpeleka mzazi hospitali. Mimi naliona hili kuwa suala la haki, si la ufundi tu.

Seva imepokea, au imeandika?

Hapa ndipo pesa za watu hupotea, nami nitakaa kidogo.

TCP ikisema data imefika, maana yake ni kwamba mfumo endeshi wa kompyuta ya upande wa pili umeipokea kwenye kumbukumbu ya muda. Haina maana kwamba programu imeisoma, wala kwamba imeandikwa kwenye hifadhidata. Mfanyabiashara wa Kibirizi anayepeleka magunia ya dagaa Dar es Salaam anaelewa tofauti hiyo vizuri: saini ya dereva inathibitisha kwamba mzigo umepanda lori, na mnunuzi wa Dar bado hajasema lolote. Umeme ukikatika kwenye seva kati ya kupokea na kuandika, TCP itakuwa imetimiza wajibu wake na rekodi itakuwa haipo.

Kwa hiyo programu yenyewe ndiyo idai uthibitisho, na seva ijibu baada ya kuandika, isijibu kabla. Jibu lisipokuja, simu itume tena. Hapo linazuka tatizo la pili: huenda ombi lilifika na likaandikwa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Simu ikituma tena, muuzaji anakatwa mara mbili, au kilo 80 za migebuka zinakuwa 160 kwenye takwimu za mwalo. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: simu itengeneze namba ya kipekee kwa kila muamala kabla ya kutuma mara ya kwanza, na kila marudio yabebe namba ileile. Seva ikiona namba inayoijua, inarudisha jibu la awali bila kuandika upya. Hakuna itifaki ya usafirishaji inayokufanyia kazi hii. Programu ya malipo isiyo na namba hiyo haifai kupewa wananchi.

Jambo linaloendana na hilo ni kuhifadhi kwanza, kutuma baadaye. Kigoma ina mfano wake. Wachunguzi wa misitu wa vijiji wanaofanya kazi na Taasisi ya Jane Goodall, ile iliyoanzisha mpango wa Tacare mwaka 1994, wamekuwa wakitumia simu zenye programu ya ODK kurekodi mti uliokatwa au kiota cha sokwe. Huko msituni hakuna mnara. Fomu hujazwa, hubaki kwenye simu ikiwa na picha na mahali, na hutumwa mchunguzi anapofika penye mtandao. Anayetumia hatakiwi kujua kama mtandao upo au haupo wakati anaandika. Jenga programu yako hivyo hata kama unadhani mtandao upo daima.

Ziwani muunganisho hufa kimyakimya

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 673 na upana wa wastani wa kilomita 50. Minara iko ufukweni, na mnara wa kawaida wa GSM, yaani simu za 2G, haukuundwa kuhudumia simu iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 35, hata kama hakuna kilima kinachozuia. Boti ikisogea katikati ya ziwa huukaribia ukingo wa uwezo huo. Upande wa kaskazini, karibu na Kagunga, simu inaweza kushika mtandao wa Burundi. Kila mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kubadili anwani ya IP ya simu, na muunganisho wa TCP umefungwa kwenye anwani. Anwani ikibadilika, muunganisho umekufa, ila hakuna anayeijulisha seva.

Je, seva ya Linux itagundua lini? Kwa mipangilio yake ya kawaida, ikiwa na data inayongoja kuthibitishwa, inaweza kujaribu kwa takriban dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Mtumiaji hawezi kutazama kiduara kikizunguka muda wote huo. Usiuachie mfumo endeshi uamuzi. Weka kikomo chako cha kungoja. Kwa programu nyingi sekunde 10 hadi 20 zinatosha, kisha rudisha kazi kwenye foleni ya simu na umwambie mtumiaji kwa Kiswahili kilicho wazi: "Imehifadhiwa, itatumwa mtandao ukirudi."

Itifaki ya tatu, QUIC, ilibuniwa kwa kiasi fulani kwa ajili ya shida hii. Ilianza Google mwaka 2012, ikakubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa Mei 2021, na toleo jipya la itifaki ya wavuti, HTTP/3, lililotoka 2022, limejengwa juu yake. QUIC husafiri ndani ya pakiti za UDP lakini hutuma upya kilichopotea na hupunguza kasi penye msongamano kama TCP. Muunganisho wake hutambuliwa kwa namba maalumu, si kwa anwani, kwa hiyo simu ikihama kutoka WiFi kwenda 3G, mazungumzo yanaweza kuendelea. Usimbaji umo ndani tangu mwanzo. Pakiti ya picha moja ikipotea, picha nyingine haingoji nyuma yake, jambo ambalo TCP hailiwezi.

Faida nyingine ni kupungua kwa mizunguko. TCP pamoja na usimbaji wa TLS 1.3 huhitaji mizunguko miwili ya kwenda na kurudi kabla ya ombi la kwanza kuondoka. QUIC huhitaji mmoja. Penye 3G dhaifu ambapo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 400, umeokoa milisekunde 400 kila unapofungua muunganisho mpya. Kwa seva ambayo simu ilishawahi kuongea nayo, ombi linaweza kuondoka na pakiti ya kwanza kabisa. Usitume malipo kwa njia hiyo ya mkato, kwa maana mtu aliyenasa pakiti anaweza kuirudia.

Huhitaji kuandika QUIC mwenyewe. Kwenye Android ipo maktaba ya Cronet. Upande wa seva, Caddy huwasha HTTP/3 yenyewe, na Nginx inayo tangu toleo la 1.25. Ila baadhi ya mitandao ya ofisi na vyuo huzuia UDP, kwa hiyo lazima programu iweze kurudi kwenye TCP bila mtumiaji kusumbuka. SCTP utaisoma vitabuni, na ni nzuri, lakini vifaa vingi vya njiani haviipitishi. Usiijengee programu ya simu za wananchi.

Bando la mtu

Hesabu baiti kabla hujachagua. Tuseme kifaa kinatuma baiti 40 kila dakika, yaani mara 1,440 kwa siku. Ukifungua muunganisho mpya wa HTTPS kila mara, vyeti na salamu za kuanzia zinaweza kula kilobaiti 5, kwa hiyo siku moja ni megabaiti 7.2 na mwezi ni 216, kwa ajili ya taarifa ambazo zenyewe hazifiki megabaiti 2. Kwa UDP, pamoja na baiti 28 za maelezo ya IP na UDP na baiti 30 hivi za usimbaji, mwezi mzima hauzidi megabaiti 5. Njia ya kati ni kufungua muunganisho mmoja wa TCP na kuuacha wazi, kama ifanyavyo itifaki ya MQTT, au kukusanya taarifa za saa nzima na kuzituma kwa mkupuo. Mara nyingi kukusanya huokoa zaidi kuliko kubadili itifaki, na chaji ya simu hudumu pia.

Ukichagua UDP, jua pia kwamba kampuni za simu hugawanya anwani moja ya IP kwa wateja wengi. Kifaa kinachofanya mgawanyo huo husahau mawasiliano ya UDP yaliyokaa kimya, wakati mwingine baada ya sekunde 30 tu, na hapo seva haiwezi tena kuifikia simu. Acha simu ndiyo ianze. Ukitaka kumwamsha mtumiaji, tumia huduma ya arifa ya Google, Firebase Cloud Messaging, ambayo hushikilia muunganisho mmoja kwa ajili ya programu zote za simu.

SMS bado ina kazi. Ujumbe wa herufi 160 unamfikia mwenye simu ya batani, hauhitaji bando la intaneti, na hungoja simu iwashwe. Haufai kwa siri, na hauna dhamana ya kufika kwa zamu. USSD, ile ya *150*00# na nyingine za aina yake, ni mazungumzo ya papo kwa papo: mtandao ukikatika katikati, unaanza upya. Kwa menyu ya hatua mbili tatu mwaloni inafaa. Kwa fomu ndefu ya takwimu ni mateso.

Seva iko wapi, na umejaribu wapi?

Mwanga ndani ya mkongo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina kilomita 1,250 hivi. Mkongo wa urefu huo hauhitaji zaidi ya milisekunde 13 kwenda na kurudi. Mkongo wa kilomita 10,000 kuelekea Ulaya huchukua milisekunde 100 kabla hata mnara haujahesabiwa, na kila mzunguko wa itifaki hulipa gharama hiyo. Isitoshe, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Programu ya kupashana bei kati ya Kibirizi na Ujiji ambayo seva yake iko ng'ambo ingeweza kusimama siku hiyo kwa sababu ya waya ulio chini ya Bahari ya Hindi. Hakuna itifaki ambayo ingeiokoa. Seva ya nchini ingeiokoa, na foleni ndani ya simu ingezuia rekodi kupotea.

Jaribu kabla ya kutoa. Kompyuta ya Linux ina amri ya tc yenye moduli ya netem. Iambie iongeze ucheleweshaji wa milisekunde 400 na ipoteze pakiti 10 katika kila 100, kisha tumia programu yako siku nzima katika hali hiyo. Badili mtandao katikati ya kutuma. Zima simu katikati ya kulipa. Kasoro nyingi nilizozieleza hapa hujitokeza ndani ya saa ya kwanza.

Na ninyi mnaoagiza, wenyeviti wa BMU, maofisa wa halmashauri, viongozi wa ushirika: msiipokee programu kwa onyesho la ofisini penye WiFi. Pandeni nayo boti Kibirizi hadi Mwamgongo, jazeni rekodi mkiwa njiani, zimeni simu na kuziwasha, kisha mkirudi hesabuni zilizoandikwa kwenye seva. Ikikosekana hata moja, au moja ikijirudia, msilipe awamu ya mwisho mpaka irekebishwe.